Gramu Kumi na Saba za Behewa la Suhaib

Jumapili, tarehe 9 Novemba 2025. Mvua nyembamba tangu alfajiri, nyuzi nane, upepo hakuna. Saa nane na dakika kumi mchana Mbarouk aliingia katika chumba cha nyuma cha duka la Rasik, hapa Kenton, amekumbatia boksi la viatu kifuani. Hakuvua koti. Alimsalimu Bi Shenaz, akamsalimu Alkesh, akanisalimu mimi. Rasik alimruka.

Rasik alikuwa akitia mafuta injini ndogo ya garimoshi letu. Aliinua macho, akangoja salamu yake, haikuja, akarudi kwenye kazi. Wamejuana miaka ishirini na miwili.

Ndani ya boksi lile mlikuwa na behewa moja la mfano, urefu wake shibiri moja na kidogo, na Mbarouk alikuwa amekuja kusema kwamba si lake.

Mbarouk ana miaka hamsini na tisa. Alizaliwa Wete, Pemba, akaletwa London akiwa na miaka kumi na minne kumfuata kaka yake, Suhaib, ambaye ndiye aliyemlea, akamsomesha na baadaye akamwozesha. Suhaib alikuwa msafishaji wa mabehewa katika yadi moja ya reli upande wa magharibi wa mji. Alifariki miaka minne iliyopita.

Mbarouk mwenyewe ni karani wa kupokea mizigo ya ndege katika ghala moja la Hayes. Boksi linashushwa, analipima, analinganisha uzito na karatasi. Likipungua analiweka kando, na hakuna dereva wala meneja anayeweza kumbembeleza aliachie. "Katibu," huniambia, "boksi likipungua nusu kilo, kuna mtu kalifungua. Hapana maelezo mengine." Zainab, mkewe, anasema hata nyama ya bucha huipima tena jikoni kwake, na mara mbili ameirudisha.

Watu wengi wanaokusanya reli za mfano hupenda injini kubwa na mabehewa ya abiria yenye mapazia. Mbarouk hana hata moja la abiria. Yeye hukusanya mabehewa ya idara, yaani yale ambayo shirika la reli huyatumia kwa kazi zake lenyewe na hakuna anayekatiwa tiketi kuyapanda. Kuna behewa la kupimia kama reli imepinda. Kuna la kukagua mahandaki, lenye taa juu ya paa. Kuna la mafundi wanaokwenda kuinua garimoshi lililoanguka, lenye jiko na vitanda, na lingine la kufundishia madereva. Mengi yalianza yakiwa ya abiria, yakazeeka, yakapewa rangi nyingine, namba nyingine na kazi nyingine.

Suhaib alikuwa akiyasafisha yale makubwa yenyewe. Ndani ya moja aliona meza yenye kalamu zinazojiandikia kila reli inapotikisika, na hakuisahau meza hiyo. Akaanza kununua mabehewa mabovu ya mfano kwenye minada ya Jumamosi, akayaziba madirisha kwa vipande vya plastiki, akakata mengine mapya, akayapaka rangi. Alitengeneza kumi na mawili kabla macho hayajamwishia. La kwanza ni la kupimia reli, jekundu na buluu. Ukimulika tochi dirisha la mwisho ulikuwa unaona sakafuni maandishi yake ya penseli: S., Hayes, 1994. Mbarouk ameyanunua mengine kama arobaini, ya kiwandani, lakini haya kumi na mawili ndiyo anayoyaita mabehewa. Mengine huyaita vitu vyake.

Sisi watano hukutana kila Jumapili kwa Rasik. Rasik ni mzaliwa wa Mombasa, fundi wa vyerehani, na chumba chake cha nyuma kina meza ndefu yenye stesheni moja na yadi tuliyoijenga pamoja. Bi Shenaz alifanya kazi ofisi ya mabasi mpaka akastaafu. Yeye huchonga watu wadogo wa kusimama kwenye jukwaa. Alkesh ni mfamasia na ndiye mdogo wetu, ana miaka arobaini na moja. Mimi natunza daftari, ndiyo maana huniita Katibu.

Daftari hilo ni kanuni ya Mbarouk. Behewa lolote linalolala chumbani kwa Rasik huandikwa namba, urefu, uzito kwa gramu, na sahihi ya mwenyewe. Likitoka huandikwa tena. Siku alipoleta kanuni hiyo Rasik alicheka sana. "Mbarouk bhai katufungulia forodha," alisema. Lakini tukaifuata, na mizani ndogo ya betri nikanunua mimi.

Tarehe 21 Septemba Mbarouk aliliacha behewa la kupimia reli kwa Rasik, kwa ajili ya maonyesho ya Jumamosi tarehe 4 Oktoba katika ukumbi wa kanisa moja kule Lewisham. Ilikuwa mara ya kwanza kulilaza nje ya nyumba yake tangu kaka yake afariki. Niliandika: gramu 168. Tarehe 12 Oktoba alikuja kulichukua. Nikalipima. Mizani ilisema 151.

Nikaizima, nikaiwasha, nikapima tena. 151.

Mbarouk aliisoma, akatia sahihi, akalifunga behewa kwenye taulo. Rasik alikuwa amesimama mlangoni akikunja waya, na hakusema neno, ingawa mizani ilikuwa mbele ya macho yake. Pembeni ya ukurasa niliandika kwa penseli: R. kaona, kanyamaza.

Wiki hiyo Mbarouk alinipigia simu mara tatu. Mara ya kwanza alisema skrubu mbili za chini zina mikwaruzo ya bisibisi, nazo zilikuwa hazijaguswa miaka thelathini. Mara ya pili alisema amemulika tochi dirishani: sakafu ni ya kijivu, mpya, na maandishi ya Suhaib hayapo. Mara ya tatu alizungumza kwa sauti ndogo, kama mtu aliyezungukwa.

"Katibu, mtu akitaka kuiga kitu, anahitaji kuwa nacho kwa muda gani?"

"Inategemea mtu."

"Fundi. Mwenye mikono mizuri. Wiki tatu zinamtosha?"

Nilimwambia sijui. Lakini nilijua, naye alijua, kwamba kati yetu mwenye mikono hiyo ni mmoja tu.

Akaanza kuchunguza. Alimngoja Alkesh nje ya famasi yake na kumuuliza nani aliyelibeba behewa kwenda Lewisham, nani aliyelirudisha, na gari lilisimama wapi njiani. Alkesh alijibu kwamba lilibebwa na Rasik, likarudishwa na Rasik, na gari lilisimama mara moja Bi Shenaz anunue ndizi za kupika sokoni. Mbarouk akamuuliza ndizi zilichukua dakika ngapi.

Alhamisi moja aliomba ruhusa kazini, akaja Kenton bila taarifa. Anasema alipoingia dukani Rasik alikuwa na kopo la biskuti juu ya kaunta, kifuniko wazi, na alipomwona alilifunga upesi na kulisukuma chini kwa mguu.

"Mna nini humo?" Mbarouk alimuuliza.

"Takataka za cherehani."

"Zinafichwa?"

"Zinatiwa kopo, bwana. Wewe za kwako unatia wapi?"

Kisha akaona tangazo. Kwenye mtandao mmoja wa kuuziana vitu mtu asiyejitaja jina alikuwa akiuza behewa la kupimia reli, kazi ya mkono, jekundu na buluu. Picha ilikuwa moja, tena ya kiza. Mbarouk aliipeleka kwa binti yake, Siham, aikuze. Siham alimjibu kwa Kiingereza kwamba ikikuzwa inakuwa vumbi tu, na kwamba amuulize Anko Rasik mwenyewe waishe. Zainab alimwambia vivyo hivyo kwa Kiswahili, tena kwa ukali: "Miaka yote hiyo unakula kwake chakula cha Diwali, yeye anakula kwako Idi. Ukimtamkia neno hilo mbele za watu, halirudi. Mwite pembeni." Mbarouk alimwambia mwizi akiitwa pembeni hupata nafasi ya kujipanga.

Mimi sikumzuia. Nililisoma daftari, nikaona 168 na 151 kwa mwandiko wangu mwenyewe, nikakumbuka Rasik alivyokunja ule waya. Nilianza na mimi kumtazama mikono.

Kwa hiyo Jumapili ya mvua Mbarouk alipoliweka boksi la viatu mezani, nilikuwa nimekwisha fungua ukurasa.

"Hili si langu," alisema.

Alkesh alikuwa akitafuna karanga. "Ni la nani, anko?"

"La nani miye sijui. Langu lilikuwa gramu mia na sitini na nane. Hili limepungua kumi na saba."

"Basi limefunga sunna. Umelilea vizuri."

Bi Shenaz alimwondolea Alkesh kibakuli cha karanga.

Rasik alipangusa vidole kwa kitambaa, kimoja kimoja. "Nani kakuambia si lako?"

"Mizani. Na daftari la Katibu."

"Katibu kasema?"

Wote wakanitazama. Nilisema kwamba nilichoandika ni uzito tu. Rasik aliuona ukurasa kutoka pale alipokuwa, na naamini aliyaona pia maneno yangu ya penseli, kwa sababu aliyakodolea macho muda mrefu kuliko zile namba.

"Skrubu zimefunguliwa," Mbarouk aliendelea. "Sakafu imebadilishwa. Mwandiko wa kakangu haupo. Na hii hapa." Akaiweka simu mezani, ile picha ya tangazo. "Hili linauzwa. Niambie hili ni la nani."

Bi Shenaz alivaa miwani, akaivuta simu, kisha akalitoa behewa kwenye boksi na kuligeuza ubavu.

"La kwenye simu lina madirisha matano," alisema. "La Suhaib manne. Hesabu mwenyewe."

Mbarouk alihesabu. Alihesabu mara mbili, kidole kikigusa kioo. Huyu ni mtu anayehesabu pini za boksi, na ile picha alikuwa ameitazama siku kumi.

"Sawa," alisema mwishoni. "Hilo si lenyewe. Lakini gramu zangu?"

"Kwa hiyo miye mwizi," Rasik alisema, akimwigiza lafudhi.

"Sijasema mwizi. Nimeuliza gramu kumi na saba zimekwenda wapi."

"Umenipita mlangoni bila salamu. Katika duka langu. Hilo ni swali?"

Alitoka. Tulisikia akivuta kitu chini ya kaunta. Alirudi na kopo la biskuti, akaliweka mbele ya Mbarouk, akarudi nyuma hatua mbili. "Fungua wewe. Mimi nisiguse."

Ndani mlikuwa na kipande cha plastiki ya kahawia, kirefu, kimepinda kama upinde na kimepasuka katikati. Juu yake palikuwa na gamba la unga mweupe, kama chumvi iliyoganda, na humo ndani ya gamba vidonge vya kijivu vilivyoliwa nusu. Mwishoni mwa kipande, penseli: S., Hayes, 1994.

Mbarouk hakukigusa.

Rasik alieleza akiwa amesimama. Mabehewa ya mfano ni mepesi na huruka relini, kwa hiyo watengenezaji huyatia uzito sakafuni. Suhaib alitia chubwi ndogondogo za madini ya risasi, zile za kuzamishia ndoano, akazimwagia gundi nyeupe ya seremala. Wengi walifanya hivyo zamani, wakiona gundi ni gundi. Ila risasi na gundi ile zikikaa pamoja miaka mingi, risasi huoza na kugeuka unga, na unga huvimba polepole kwa nguvu ya kupasua plastiki. Wiki moja baada ya kuachiwa behewa lile, Rasik aliliweka relini, akaona linayumba. Akaligeuza, akaona tumbo limefura.

"Ningengoja maonyesho yapite, ubavu ungepasuka na ile rangi yake ya mkono ingekwenda," alisema. "Nikafungua. Nikatoa sakafu. Nikakata nyingine, nikatia vipande vya chuma. Chuma chepesi kuliko risasi. Gramu zako ndizo hizo. Uzito nilisahau, daftari nilisahau."

"Hukusahau. Nilikuona mlangoni, mizani inasoma."

"Basi niliogopa. Umefurahi?"

"Kwa nini hukuniambia?"

Rasik alimtazama Bi Shenaz, kama anayeomba ruhusa. "Ningekuambiaje? Oktoba ndiyo hitma ya Suhaib. Kila Jumapili tunasikia Suhaib hakukosea, Suhaib hakuacha hata tone la gundi. Nije mimi nikuambie Suhaib kaliua behewa lake kwa mkono wake? Nikaona nitengeneze, ninyamaze. Kipande chake nikakiweka. Kutupa nilishindwa."

"Fundi mzima," Alkesh alisema, "na hata kuficha hajui. Kopo la biskuti, chini ya kaunta."

Mbarouk alilifunga kopo. Bi Shenaz ndiye aliyeuliza.

"Na yale kumi na moja ya nyumbani?"

Mbarouk alilitia behewa kwenye boksi, kopo akalibana kwapani, akatoka mvuani. Hakuaga. Rasik alirudi kwenye injini yake, akaitia mafuta palepale alipokwisha yatia.

Mbarouk na mimi sote tunakaa Hayes, nikamkuta kituoni. Basi lilikuwa limebakiza dakika tisa kufika.

"Unamwamini?" aliniuliza.

"Unga nimeuona. Na mwandiko."

"Mwandiko wa kweli. Huo naujua." Alilitikisa kopo kidogo, vidonge vikagonga bati. "Lakini unga naweza kuufanya miye jikoni kwangu. Sakafu unaivunja kwa goti. Kisha unamtaja maiti, na maiti hajibu. Ghalani nimewaona wenye hadithi nzuri kuliko hiyo."

"Na gramu?"

"Chuma kweli chepesi kuliko risasi," alisema, kama mtu anayekubali shingo upande.

Jumatatu asubuhi, tarehe 10, mvua ilikuwa imekatika. Mbarouk alikuwa na zamu ya mchana. Alinipigia saa moja kasoro robo na kuniambia nije na daftari na mizani.

Nilimkuta sebuleni, sakafuni, juu ya jamvi la kulia. Zainab alisema hajaondoka hapo tangu aliposwali alfajiri. Mbele yake palikuwa na behewa la kukagua mahandaki, la tatu katika kazi za Suhaib, limefunguliwa skrubu. Alikuwa ameinua paa na ubavu kwa pamoja. Ndani, sakafuni, kulikuwa na lile gamba jeupe, mwisho hadi mwisho, na ufa umekwisha anza chini ya kijichumba cha choo. Hakuna mkono wa Rasik uliowahi kulifikia behewa hilo. Halijatoka nyumbani.

Mbarouk aliukuna unga kwa ukucha, akautazama, akaupangusa kwenye suruali.

"Mikono, baba Siham," Zainab alisema. "Sumu hiyo."

Alikwenda kunawa. Aliporudi aliyafunga yote kumi na moja, kila moja katika taulo lake, akayapanga ndani ya begi la safari alilotumia zamani kuendea hija, akalitia na kopo la biskuti juu. Tulipanda basi la 140 mpaka Harrow, kisha 183. Njia nzima begi lilikuwa mapajani mwake.

Rasik alikuwa akifungua kufuli la duka. Aliliona begi, akaelewa.

"Habari za asubuhi, Rasik bhai," Mbarouk alisema.

"Nzuri."

Waliingia, nami nyuma yao. Mbarouk aliweka begi juu ya kaunta, akafungua zipu, akalisukuma mbele kwa mikono miwili. "Yote yana unga, nadhani. Moja nimelifungua. Yafungue yaliyobaki."

Rasik hakunyoosha mkono. "Umekuja na Katibu."

"Kaja tu."

"Na mizani?"

Nilikuwa nayo mfukoni. Nikaitoa.

"Weka hapo," Rasik aliniambia.

"Hapana haja," Mbarouk alisema. "Leo hapana haja, bwana. Nakuachia."

"Miaka ishirini na miwili nilishika vitu vyako bila kujali mizani. Sasa sigusi kitu chako bila mizani. Pima kwanza, kila kimoja, nami nitatia sahihi." Alivuta kigoda, akaketi, akaweka mikono yake magotini pale tulipoweza kuiona. "Pima, Mbarouk."

Mbarouk akavua koti, akalitundika nyuma ya mlango anapolitundika siku zote, akafungua taulo la kwanza na kuliweka behewa la kufundishia madereva juu ya mizani. Alingoja namba itulie, akanisomea kwa sauti, nami nikaandika. Yalikuwa kumi na moja. Tulimaliza saa nne kasorobo.